Okteva ya chini, spika ya Masaka

Jumamosi moja jioni, mazoezi ya kwaya yalipokwisha huko Masaka, wilayani Kicukiro, Kigali, mpiga besi alinivuta pembeni. "Mzee, nina faranga elfu hamsini. Ninunue pedali gani ya okteva?" Nilikuwa nimekuja na pedali ya kuazima mfukoni, kwa hiyo nikamwambia, kijana wangu, tuiulize kwanza spika.

Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde. Pedali ya okteva ya chini inaigawa hesabu hiyo kwa mbili, unabaki na 20 na kidogo. Sikio la binadamu linaishia hapo hapo. Spika za kanisani za inchi 15 huwa zimeshachoka kabla, nyingi zikifika 45 au 50 tu. Alipopiga E wazi huku pedali imewashwa, koni ilitoka na kurudi kama shavu la mpiga tarumbeta, na ukumbini hakusikika kitu. Ukitaka nguvu ileile okteva moja chini, koni inabidi isafiri mara nne zaidi. Amplifaya inahenya, koili inapata moto, na msikilizaji yeye anauliza kama besi imezimwa.

Nikamwambia ahamie uzi wa D, freti ya 7. Hiyo ni A ya mitetemo 110, na nusu yake ni 55. Hapo benchi la nyuma likaanza kuunguruma na mama aliyekuwa akikunja mikeka akageuka. Pedali ileile, spika ileile. Wapigaji wengi hununua okteva ili uzi wa E uwe mzito zaidi, na hapo ndipo pesa inapotea. Kifaa hiki ni cha kumruhusu mpigaji apande juu ya shingo ya gitaa bila kuuacha wimbo mtupu chini. Msikilize Pino Palladino katika rekodi za Paul Young za miaka ya 1980: besi isiyo na freti inaimba huko juu, na kivuli kizito kinaifuata kutoka chini. Kivuli hicho ni Boss OC-2, kijisanduku kilichotoka mwaka 1982.

OC-2 inafaa kufunguliwa kidogo, maana pedali nyingi za bei ndogo zimejifunza kwake. Ndani kuna sakiti inayosubiri kilele cha kila wimbi, na swichi inayogeuka kila kilele kikipita. Mawimbi mawili yakipita, swichi imekamilisha mzunguko mmoja: nusu ya mwendo, yaani okteva moja chini. Igawe tena, unapata okteva mbili. Ujanja wake ni kwamba haitoi mlio mpya wa kwake. Inaichukua sauti yako mwenyewe na kuipindua juu chini kila wimbi la pili, kwa hiyo kidole kikilegea na okteva nayo inafifia.

Gharama ya ujanja huo ni noti moja kwa wakati mmoja. Gusa nyuzi mbili, sakiti haijui ihesabu kilele cha nani, inaanza kukoroma. Kijana wetu alikoroma sana mwanzoni. Tulifunga nobu ya toni, tukaacha pikapu ya shingoni peke yake, akazibana nyuzi asizozipiga kwa kiganja. Mikoromo ikapungua kwa kiasi kikubwa, bila kutumia hata faranga moja.

Pedali za dijitali zinaweza kushika noti kadhaa kwa pamoja, lakini huchelewa kidogo. Wimbi moja la E wazi lenyewe huchukua milisekunde 24, na kompyuta haiwezi kujua noti ambayo bado haijamaliza kujitambulisha. Kwenye wimbo wa taratibu hutalisikia hilo. Kwenye sebene, ambako besi inadondosha noti fupi fupi katikati ya magitaa, utalisikia, na mpiga ngoma atakulaumu wewe.

Bei sasa. Boss walileta OC-3 mwaka 2003, na OC-5 mwaka 2020, ambayo ina sauti ya zamani na ya kisasa ndani ya boksi moja. Ni nzuri, ila huko ng'ambo tu inazidi dola 100. Behringer UO300, yenye mpango unaofanana sana na wa OC-3, kwa miaka mingi iliuzwa chini ya dola 40. Boksi lake ni plastiki, kwa hiyo ikanyage kwa adabu. Mimi natazama vitu viwili tu: nobu ya sauti halisi iwe peke yake, na okteva ya kwanza iwe na nobu yake. Okteva ya pili ni pambo kwa besi. Gawa 110 mara mbili uone unapofika.

Halafu adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi katikati. Kanisani kuna adapta za vinanda zimezagaa, nyingine za volti 12 na chanya katikati, na jeki inaingia bila kusita. Mimi nimeshaichoma pedali ya rafiki kwa njia hiyo, na harufu yake naikumbuka.

Kuna na majirani. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali kwa kasoro za majengo, usalama na kelele. Sauti nyembamba hufia ukutani. Nzito inapenya matofali na kumkuta mtu kitandani kwake mlima wa pili. Tuliweka okteva chini ya nusu ya sauti halisi, tukatoka nje hadi barabarani kusikiliza, tukarudi tukapunguza tena.

Alinunua ile ya plastiki. Jumapili ya kwanza aliiwasha kwenye ubeti mmoja, na ukasikika umejaa matope. Pedali haikuwa na kosa: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulikuwa umekaa palepale, kwenye 55. Tulimwomba autoe. Alikubali, kwa ubeti huo tu.