Ngama si "Sehemu ya Chini": Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Wakaao Chomboni

Utangulizi

Tumeletewa tuipitie tafsiri ya kijitabu kilichoandikwa Uingereza, ambako watu kwa maelfu wamezifanya mashua kuwa makazi yao ya kudumu, baadhi yao katika mifereji ya bara na baadhi katika hori za bahari. Kijitabu hicho kinamfundisha mkaazi wa chombo kujitegemea: kuziba pavujapo, kutengeneza pampu iliyogoma, kupika bila ya kuunguza chombo, na kulala bila ya kuamshwa na maji. Mfasiri amekitafsiri kwa ajili ya mabaharia wetu na vijana wanaojifunza ufundi wa vyombo vidogo. Nia hiyo tunaiunga mkono. Katika majahazi ya Lamu, Unguja, Pemba na Mafia wamo watu wanaolala chomboni siku nyingi mfululizo, na vyombo hivyo siku hizi vina injini, betri, na pengine jiko la gesi. Fundi yuko mbali, na litakaloharibika usiku litatengenezwa na aliyemo.

Katika uhakiki huu hatukusudii kumwaibisha mfasiri, na ndiyo sababu hatukulitaja jina lake wala la kijitabu. Sarufi yake ni safi na sentensi zake zinasomeka vizuri. Tunakusudia kuonyesha jambo moja tu, nalo ni kwamba istilahi ya kazi za mikono hupimwa kwa kile atakachokitenda msomaji mkono wake ukiwa majini, gizani, na kijitabu kimelowa. Tumeupitia mswada kwa kipimo hicho, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Ngama

Kijitabu cha asili kinataja mara nyingi sehemu ile ya ndani kabisa ya chombo, juu ya mkuku, ambamo maji yote yavujayo hukusanyika kabla ya kufuliwa. Mfasiri ameiita "sehemu ya chini", kwingine "chini ya sakafu", na mahali pamoja "chumba cha maji machafu". Kiswahili kinalo neno lake, nalo ni ngama. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na limo katika methali ambayo kila mwalimu ameifundisha: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni ajabu kwamba wanafunzi wetu wanaikariri methali hiyo katika mtihani, kisha wanapokuwa wafasiri wanalitafutia neno lile lile badala.

Hatulishikilii neno hili kwa ajili ya ukale wake. Gesi ya mitungi tunayopikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika nyumba yenye mlango wazi huweza kutambaa ikatoka nje. Ikivuja chomboni huteremka mpaka ngamani, hukaa huko kwa kuwa haina pa kutokea, na hungoja cheche moja ya swichi au ya injini. Kijitabu kinalionya jambo hili. Tafsiri nayo inasema: "Kagua sehemu ya chini kabla ya kuwasha injini." Chini ya nini? Msomaji atainama, atatazama chini ya jiko, ataona pakavu, kisha atawasha. Lau ingeandikwa "Inua mbao za sakafu unuse ngamani kabla ya kuwasha injini", hata mtoto wa baharia angejua pa kupeleka pua yake.

Hapa hatuna budi kukiri. Hicho "chumba cha maji machafu" hakikubuniwa na mfasiri. Tulikipitisha sisi wenyewe katika orodha tuliyoiandaa miaka ya nyuma, tukiwa tumeizunguka meza bila ya baharia hata mmoja kati yetu. Mfasiri alitutii, na kwa hiyo kosa hilo ni letu kabla ya kuwa lake.

Bomba na kufunga

Sentensi iliyotushtua kuliko zote ni hii: "Kabla ya kulala hakikisha bomba la chini limefungwa." Bomba, katika Kiswahili cha kila siku, ni neli ipitayo maji, na pia ni mtambo usukumao maji. Kufunga nako kuna maana zaidi ya moja: kuzuia kisipite kitu, kukaza kwa kamba au parafujo, na kutia mtambo mahali pake, kama tusemavyo kufunga injini. Sentensi hiyo fupi basi inaweza kumwambia msomaji aizuie neli, au aukaze mtambo, au ahakikishe kwamba mtambo umekwisha kutiwa mahali pake. Yuko pia atakayeelewa kwamba ausimamishe mtambo usifanye kazi usiku kucha. Huyo wa mwisho ndiye tunayemhofia. Atazima pampu ya ngama ili imwache alale, na chombo kitaendelea kuvuja.

Kijitabu cha asili kilikusudia jambo la kwanza. Kila tundu lililotobolewa ubavuni chini ya maji, la choo au la kupozea injini, lina kizuizi chake, na vizuizi visivyotumika hufungwa usiku. Mafundi wetu wa maji mitaani wana neno la kizuizi hicho: koki. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika fani hii pampu iwe ni mtambo, bomba liwe ni neli ngumu, mpira uwe ni neli inayopindika, na koki iwe ni kizuizi. Vitenzi navyo vigawane kazi: koki hufungwa, parafujo hukazwa, pampu huzimwa, na mtambo mpya hupachikwa. Sentensi ile ingesomeka hivi: "Kabla ya kulala funga koki zote za ubavuni; pampu ya ngama usiizime."

Wako watakaosema kwamba pampu ni neno la kigeni, na kwamba bomba linatutosha. Tunawakumbusha kwamba bomba nalo lililetwa na Wareno. Kiswahili hakikuona haya kulipokea, wala hakipaswi kuona haya kupokea la pili iwapo kazi zimekuwa mbili.

Usukani na kana

Mswada unasema: "Ili uende kulia, sukuma usukani kushoto." Maagizo hayo ni sahihi katika kijitabu cha asili, lakini katika tafsiri yanamkanganya msomaji. Kwa baharia, usukani ni ule ubao ulio majini nyuma ya chombo, na mpini wake ni kana. Kana ikisukumwa kushoto, ubao huelekea kulia, na omo hugeukia kulia. Lakini kwa kijana aliyekulia garini, usukani ni gurudumu lililo mkononi mwa dereva, na dereva anayetaka kwenda kulia huuzungusha kulia. Kijana huyo akisoma sentensi ya mfasiri atadhani kuna kosa la chapa, naye atalisahihisha kichwani mwake. Siku atakapokutana na chombo kingine katika mlango wa hori ndipo atakapojua.

Neno kana linaondoa mkanganyo wote. "Sukuma kana kushoto, omo litakwenda kulia." Hakuna gari lenye kana, na kwa hiyo msomaji hatalidhania neno hilo kwa jambo analolijua, atalazimika kujifunza. Tunasisitiza hilo kwa sababu watungaji wa istilahi huliogopa neno lisilojulikana. Hatari zaidi ni lile ambalo msomaji anadhani analijua.

Hasho, kiraka na kalafati

Katika sura ya matengenezo mfasiri ametumia kiraka kila mahali. Kiraka hubandikwa juu, nalo ni neno sahihi kwa tanga lililopasuka, na hata kwa mashua ya faibaglasi. Lakini ubao ukioza mahali, fundi huchonga pale palipooza mpaka afikie mbao nzima, kisha hukata kipande cha kuingia sawasawa katika nafasi hiyo. Kipande hicho ni hasho. Anayeambiwa atie kiraka atapigilia ubao mpya juu ya ule uliooza, na uozo utaendelea chini yake bila ya kuonekana.

"Kuziba nyufa kwa pamba" si kosa, ila ni maelezo marefu yakaayo mahali pa kitenzi tulicho nacho, yaani kukalafati. Maelezo hayo yanafaa kuwekwa mara moja, neno linapotokea kwanza. Baada ya hapo neno lenyewe litumike.

Pale neno la kale lisipofaa

Tusije tukaeleweka kwamba kila la kale ni bora. Mashua za Uingereza hupakwa chini ya maji rangi maalumu ya kuzuia viumbe vya bahari visiote wala kutoboa. Mfasiri ameiita "rangi ya kuzuia uchafu", na msomaji atadhani ni ya kupendezesha. Mmoja kati yetu alipendekeza deheni, kwa kuwa deheni ndiyo iliyofanya kazi hiyo katika majahazi yetu kwa karne nyingi. Tulikaribia kukubali.

Kilichotuzuia ni kukumbuka jinsi deheni inavyopakwa. Deheni ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mabaharia huipaka kwa viganja vyao, chombo kikiwa kimepwelewa. Rangi hii ya leo aghalabu ina shaba ndani yake, nayo ni sumu; yataka glavu, na vumbi lake wakati wa kukwangua halifai kuvutwa puani. Tukiita deheni, mikono itafuata neno. Tunashauri iitwe "rangi ya sumu ya mkuku". Si jina zuri kwa sikio, lakini mwenye kulisoma koponi hatalichovya kidole.

Jambo la namna hiyo hiyo limetokea katika sura ya majiko. Kijitabu kinaonya juu ya gesi inayotokana na makaa au mafuta yasiyoungua barabara katika chumba kilichofungwa; haina harufu, na huua watu usingizini. Mfasiri ameiita "hewa ya ukaa". Jina hilo watu wameshalizoea kwa gesi nyingine, ile tunayoitoa tukipumua na ambayo miti huihitaji. Msomaji atajiuliza ni vipi pumzi yake mwenyewe imwue. Hapa tunashauri kaboni monoksaidi, na kila sura inapoanza ifuatwe na maelezo haya: sumu ya jiko isiyonuka.

Hoja ya maneno ya pwani

Tumewahi kuambiwa na watumishi wa ofisi mbalimbali kwamba ngama, kana na hasho ni maneno ya pwani, yasiyojulikana Dodoma wala Tabora. Ni kweli. Lakini kijitabu hiki hakitasomwa na mtu asiye na chombo. Atakisoma mvuvi wa Ziwa Victoria au wa Ziwa Tanganyika, naye pengine ana maneno yake ambayo sisi hatujayaandika. Akikosa, atajifunza ngama kwa siku moja, kama alivyojifunza injini na betri. Maneno haya hayakufichwa. Mwaka 1965 A. H. J. Prins alichapisha kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu, naye alikuwa mgeni. Kilichokosekana kwetu ni desturi ya kuuliza.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa mfasiri na kwa wote wafasirio miongozo ya kazi za mikono:

1. Kitu kimoja kiwe na jina moja tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Kwa mfano, mswada una rafadha, pangaboi na propela kwa kitu kile kile. Lolote kati ya hayo linafaa. Matatu pamoja hayafai.

2. Kila sentensi ya kuamrisha isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa kazi hiyo, naye aambiwe atende alichokisikia, bila ya kusaidiwa. Akikosea, sentensi ndiyo isahihishwe.

3. Neno la kale litangulie kutafutwa, kisha liulizwe kama bado linaongoza mkono kwenye kitendo kilicho salama.

4. Orodha yoyote ya istilahi za vyombo isipitishwe bila ya kuwapo nahodha, fundi wa mashua na mpishi wa chombo.

Mswada tumemrudishia mfasiri, na orodha yetu ile ya zamani tumeifuta neno lililostahili kufutwa. Wasomaji walio pwani na maziwani, wenye majina ya sehemu za chombo ambayo hayajaandikwa popote, tunawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya namna kila kitu kinavyotumika.