Omo Juu, Mguu Majini: Jinsi ya Kumpima Mbeba Mtumbwi

Kabla mbeba mtumbwi hajainua chochote, mwombe akuonyeshe nira. Ni mbao inayokatiza katikati ya mtumbwi kutoka ukingo hadi ukingo, iliyochongwa ikapinda ili ikae mabegani na kuipisha shingo. Kaskazini mwa jimbo la Minnesota na ng'ambo ya mpaka nchini Kanada, ambako maziwa yamekaribiana lakini hayagusani, msafiri hupiga kafi hadi ukingoni, hujitwika chombo chake na kukivusha msituni mpaka ziwa linalofuata. Nira ndiyo inayoamua kama atafika na shingo yake.

Nira iliyowekwa na fundi haikai pale hasa mtumbwi unapolingana uzito. Husogezwa kidogo upande wa omo, ili tezi ielemee kwa kiasi kidogo tu. Hapo omo huinuka mbele ya macho ya mbebaji, naye huiona njia. Nira ikikosewa, omo huinama, na mtu hutembea akiona vidole vyake mwenyewe huku mikono ikipigana na ukingo hatua baada ya hatua. Kwa hiyo tazama mikono kabla ya miguu. Mbebaji mzuri hushika ukingo kwa wepesi, na mara nyingi mkono mmoja humtosha. Omo yake hutulia kama ndoo ya maji kichwani mwa mwanamke asiyeishika. Akiona uzito haujakaa sawa, husogeza makafi aliyoyafunga ndani, nyuma kidogo au mbele kidogo, mpaka omo itulie. Na yawe yamefungwa kweli. Kafi linalogongagonga ndani ya mtumbwi uliofunikwa kichwani ni kelele ya mtu mvivu, na kamba inayoning'inia itanasa kichaka palepale penye mteremko mbaya.

Kujitwika ndiko watazamaji wanakokupenda zaidi. Mbebaji husimama ubavuni, huuvuta mtumbwi hadi tumbo lake lilale mapajani, upande wa wazi ukitazama nje. Mkono mmoja huufuata ukingo wa mbali, goti husukuma, chombo hupinduka hewani, na nira hushuka mabegani. Nguvu yote imetoka mapajani. Mgongo umenyooka tangu mwanzo. Kipimo changu hapa ni kimoja: je, nira imeshuka mahali pake mara ya kwanza? Anayejitwika kwa mbwembwe kisha akasimama akijitingisha kutafuta pa kuweka shingo hajafanya kitu. Kusaidiwa si aibu. Mwenzake akiishika omo juu, tezi ikiwa imegusa ardhi, mbebaji huingia chini yake taratibu na kuanza safari akiwa na pumzi zake zote. Ila tezi isisagwe mawe.

Uzito wa chombo hudanganya macho. Mtumbwi wa nyuzi nyepesi za Kevla wa futi 17 au 18 huwa na kilo 20 hivi. Wa aluminiamu wa futi 17 hukaribia kilo 34. Wa mbao za mwerezi uliovikwa turubai hufika hapo au kupita, na huzidi kuwa mzito kadiri unavyokunywa maji safarini. Kevla husamehe karibu makosa yote ya mabega, ndiyo maana siwezi kumsifu mtu niliyemwona na Kevla pekee. Mpe wa turubai, ambao haukubali kugongwa wala kuburutwa, uone kama bado anatabasamu.

Urefu wa njia nao hudanganya. Ramani za Boundary Waters, lile pori la mitumbwi la Minnesota, huandika njia za kubebea kwa rodi. Rodi moja ni futi 16 na nusu, kama mita tano, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Chini ya rodi 100 kila mtu ni bingwa. Magurudumu ya kusukumia mtumbwi hayaruhusiwi huko isipokuwa kwenye njia chache, kwa hiyo hakuna pa kujifichia.

Mahali pa kumpimia mtu sawasawa ni Grand Portage, kilomita 13.7 kutoka Ziwa Superior hadi Fort Charlotte kwenye Mto Pigeon. Waojibwe, wenyeji wa huko, waliitumia njia hii muda mrefu kabla ya wafanyabiashara wa manyoya kufika, kwa sababu sehemu ya chini ya mto huo imejaa maporomoko, mojawapo likishuka kama mita 36. Kampuni ya North West ilikuwa na kituo chake kikuu hapa hadi 1803 ilipohamia upande wa Kanada. Wabebaji wake walichukua mafurushi ya kilo 41, kwa kawaida mawili kwa mpigo, uzito ukivutwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso. Lakini mitumbwi yenyewe mara nyingi haikuvuka. Ile mikubwa ya kutoka Montreal ilibaki Superior, na midogo ilingoja Fort Charlotte. Anayevusha mtumbwi wake njia nzima leo anafanya kazi ambayo wale mashujaa wa hadithi, kwa sehemu kubwa, waliikwepa.

Kwenye urefu huo, tazama hatua. Ziwe fupi, na mwendo wa kilomita ya kumi ufanane na wa kilomita ya pili. Mbebaji mzuri hupita katikati ya tope, kwa kuwa anayelizunguka hupanua njia, huharibu mimea na huishia kuteleza kwenye mizizi. Juu ya mbao zilizotandikwa vinamasini hukanyaga kwa unyayo mzima. Akihitaji kupumzika hutafuta mti wenye panda, huegemeza omo pale, hutoka chini ya chombo, hunyoosha shingo, kisha huurudia mzigo bila kujitwika upya. Anayeujua mwili wake huiona panda hiyo akiwa bado na nguvu. Halafu kuna mbu. Mwezi Juni hujikusanya chini ya mtumbwi, mikono imeshughulika, na uso uko wazi. Subira ya mtu hupimwa hapo bila mtihani mwingine.

Wapo wanaobeba kwa awamu mbili, mzigo kwanza na mtumbwi baadaye. Ni sawa, mradi wajue hesabu: awamu mbili ni kuitembea njia mara tatu, na Grand Portage inakuwa kilomita 41.

Kuburuta ni sanaa nyingine kabisa. Mwaka 1877, wangwana wa Zanzibar waliokuwa na mvumbuzi Stanley walivusha mitumbwi ya magogo kando ya maporomoko ya Mto Kongo kwa kufyeka njia, kutandika matawi na kuvuta kwa kamba. Gogo la mti mkubwa halibebwi na mtu mmoja, na sifa ya kazi ile ni ya kundi zima: kamba, mpangilio, sauti moja. Hata mashua yao ya Lady Alice, yenye futi 40, ilikuwa imeundwa vipandevipande ili wapagazi waweze kuichukua. Usimpime mmoja kwa mizani ya mwingine.

Nusu ya alama naziweka kwenye kutua. Mwisho wa njia miguu imechoka, maji yanaonekana, na hapo ndipo watu huutupa mtumbwi juu ya mwamba. Mjuzi huingia majini hadi magotini akiwa bado na chombo kichwani, hukishusha mapajani kwa hatua zilezile za kujitwika zikirudi nyuma, na kukilaza juu ya maji bila mlio wa jiwe. Kisha hukisogeza kando upesi, kwa sababu kuna mwingine nyuma yake mwenye mtumbwi mabegani asiyeweza kungoja. Ukipata nafasi ya kusimama mahali pamoja tu kuwatazama, usisimame pale wanapoanzia. Tangulia ziwa la pili, uwangoje.