Mbona Wamekata Hapo?

Baba mdogo ana banda la kutengeneza baiskeli mjini Shinyanga. Jumapili moja mwezi wa pili nilimpigia simu ya video kutoka Glasgow, ninakosoma shahada ya uzamili, nikaielekeza simu kwenye kompyuta yangu ili tuangalie filamu pamoja. Ya kwake aliiegemeza kwenye kopo la grisi. Picha ilikuwa inakwamakwama, Kiingereza cha Waskoti kilitushinda wote wawili, na mimi nilikuwa natafsiri huku nakisia. Tulipofika pale mhusika mkuu anapojitengenezea baiskeli kwenye karakana ya kuazima, muziki ukapanda, vyuma vikakatwa na kuunganishwa, na kufumba na kufumbua baiskeli ikawa imesimama.

"Rudisha," baba mdogo akasema.

Nikarudisha. Tukaangalia tena.

"Mbona wamekata hapo?"

Nikamwambia ndivyo filamu zinavyofanya, muda hautoshi. Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo ekseli ya pedali ameifungaje?"

Filamu yenyewe ni The Flying Scotsman, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Douglas Mackinnon. Jonny Lee Miller anamwigiza Graeme Obree, Mskoti asiye na fedha wala timu, ambaye duka lake la baiskeli lilikufa, akaamua kuivunja rekodi ya saa moja. Rekodi hiyo ni ya ajabu kwa urahisi wake: unaingia peke yako kwenye uwanja wa mviringo, unakanyaga kwa dakika 60, halafu wanapima umefika wapi. Hakuna wa kumshinda uwanjani. Mwaka 1984, Mwitaliano Francesco Moser alikwenda Mexico City, juu kule ambako hewa ni nyepesi, akiwa na wanasayansi na magurudumu ya sahani, akaenda kilomita 51.151. Tarehe 17 Julai 1993, mjini Hamar, Norway, Obree alikwenda kilomita 51.596 kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo ndani yake mlikuwa na beringi za mashine ya kufulia nguo.

Hiyo mashine ya kufulia ndiyo kila mtu anaikumbuka. Na ndiyo sababu nina ugomvi na filamu hii, ingawa naipenda na nimeiangalia mara nne.

Lazima kwanza nieleze baiskeli yenyewe, kwa sababu sikuielewa filamu mpaka nilipomiliki ya aina hiyo. Baiskeli ya uwanjani haina frii wili. Giya ya nyuma imeshikana na habu moja kwa moja, kwa hiyo gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako inazunguka, upende usipende. Haina breki, unapunguza mwendo kwa kuyakataa mapaja yako mwenyewe. Hapa mjini vijana wanazitumia barabarani, na mimi nilinunua fremu kuukuu ya chuma kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, pauni 90, bila magurudumu. Vingine nikaokoteza kimoja kimoja.

Kuiunda ilinichukua miezi miwili. Nilijifunza vitu ambavyo hakuna aliyeviona vina maana ila mimi. Kwa mfano: ukiweka meno 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu linazunguka mara 3 kamili kwa kila mzunguko wa pedali. Inaonekana nzuri, hesabu safi. Lakini ukizoea kukaza miguu katika mkao uleule ili uburuze tairi, tairi linasuguliwa palepale kila siku, mpaka nyuzi zitoke. Ongeza jino moja tu mbele, ziwe 49, na sehemu za kusuguliwa zinakuwa 16. Jino moja! Nililikalia jambo hilo jioni nzima, na mada yangu ya tasnifu ikiwa wazi kwenye dirisha la pili.

Nilimpigia baba mdogo kumweleza.

"Kwa hiyo haina frii wili kabisa?"

"Haina, baba mdogo."

"Ukichoka?"

"Unaendelea tu kukanyaga."

"Basi hiyo inakuendesha wewe," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: giya ikiwa imefungwa kwa nyuzi, na mimi nazuia kwa kurudisha miguu nyuma, kinachoizuia isifunguke ni nini? Hajawahi kuiona baiskeli hiyo maishani mwake. Nikamweleza kuhusu ringi ndogo ya kufungia, ambayo nyuzi zake zinakwenda kinyume, ili giya ikitaka kufunguka iikaze ringi. "Hapo sawa," akasema. "Uikaze basi." Sikuikaza vya kutosha. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa University Avenue, nilikaza miguu nikahisi kitu kimeteleza, halafu pedali zikawa nyepesi kabisa, kama ngazi ambayo haipo. Kilichoniokoa ni breki ya mbele. Sheria ya Uingereza inataka baiskeli ya barabarani iwe na mifumo miwili ya breki, na gurudumu lililofungwa linahesabiwa kuwa mmoja. Nilikuwa nimeiweka breki ile kwa kuona aibu, maana wenzangu wenye baiskeli kama hizi wanaona inaharibu sura.

(Wanaotaka sinema ya sura hiyo waangalie Premium Rush ya 2012, Joseph Gordon-Levitt akipita katikati ya magari ya New York bila breki. Inafurahisha, sitakataa. Mwishoni wanaonyesha mkono wa mwigizaji ukivuja damu baada ya kugonga kioo cha teksi wakati wa kurekodi. Alishonwa nyuzi 31. Nafikiri sekunde hizo chache zina ukweli kuliko dakika tisini zilizotangulia.)

Nikarudi kwenye The Flying Scotsman nikiwa na mikono michafu, na ndipo nilipoona inachofanya. Kuendesha imekupa kwa ukarimu: uwanja wa mbao, pumzi, saa inayohesabu, jasho linaloanguka kwenye usukani. Kuunda imekupa kama kichekesho. Mashine ya kufulia inafumuliwa, sisi tunacheka, basi. Lakini jiulize kwa nini mtu afumue mashine ya kufulia. Obree aliona kwamba ngoma ya mashine ile inazunguka mara 1,200 kwa dakika huku imebeba nguo zilizolowa maji. Beringi inayovumilia mateso hayo itaogopa nini kwa miguu ya binadamu? Huo si uchizi wala bahati, ni mtu aliyefikiri mpaka mwisho wa wazo. Obree mwenyewe amewahi kusema anajuta kuwaambia waandishi wa habari habari ile, kwa kuwa tangu hapo hawakuuliza kingine.

Na kingine kilikuwepo. Alitaka miguu yake ipite karibukaribu, kwa hiyo akaifupisha ekseli ya pedali. Miguu ikikaribiana hivyo, magoti yanagonga bomba la juu la fremu; akaliondoa. Alitaka kifua kiinamie mbele na mikono ikunjwe chini yake kama mtu anayeteleza kwenye theluji, hewa isimkamate. Akaukunja usukani mfupi ukamfuata. Kila kipande ni jibu la swali lililoulizwa na kipande kilichotangulia. Sisi katika darasa la uhakiki tunaita kazi ya namna hiyo hoja. Tukiikuta kwenye riwaya tunaiandikia kurasa ishirini. Kwenye chuma, tunaipigia muziki na kukata.

Nasema sisi kwa makusudi. Nilikua nikiona baba mdogo akiongeza vyuma pembeni mwa foku za baiskeli za wauza mkaa, kwa sababu foku iliyotoka kiwandani ilifikiriwa kwa mtu mmoja na si kwa magunia. Alijua chuma kipite wapi ili uzito usije ukavunja kichwa cha fremu. Alijua keria iwe ndefu kiasi gani kabla mbele haijawa nyepesi na kuinuka mlimani. Hakuna mahali alipokuwa ameyaandika hayo. Shuleni nikiulizwa kazi ya mlezi wangu, nilikuwa nasema "mfanyabiashara". Nilifika chuo kikuu kwa fedha za banda lile, na mpaka mwaka jana sikuwahi kumuuliza hata swali moja la kifundi. Kwa hiyo mwongozaji anapokata pale, amekata mahali ambapo mimi pia nimekuwa nakata maisha yangu yote.

Kilichotokea Hamar kinalitia hoja hii nguvu, au angalau chumvi. Tarehe 16 Julai Obree hakuanza na baiskeli yake. Alipanda nakala iliyotengenezwa vizuri zaidi, na akashindwa kwa karibu kilomita nzima. Usiku ule aliamua kurudia kesho yake asubuhi. Alikunywa maji mengi ili haja ndogo imwamshe kila baada ya muda, ajinyooshe misuli, alale tena. Asubuhi akapanda baiskeli yake ya zamani, aliyoiita Old Faithful, akaivunja rekodi ya Moser. Mtu atasema ni miguu na hasira tu, chuma hakina uhusiano. Inawezekana. Mimi niliyewahi kupanda baiskeli ya mtu mwingine inayofanana kabisa na yangu, nikaona kila kitu kiko milimita mbili mahali pasipo pake, siamini hivyo.

Siku sita baadaye Chris Boardman aliichukua rekodi hiyo mjini Bordeaux kwa kilomita 52.270. Aprili 1994 Obree akairudisha, kilomita 52.713. Halafu wakubwa wa mchezo wakaupiga marufuku mkao wake, na kwenye mashindano ya dunia ya mwaka huo kule Sicily akaondolewa kwa kutotii. Akabuni mkao mwingine, mikono imenyooshwa mbele, akawa bingwa wa dunia tena 1995 nchini Colombia. Na huo nao ukaja kupigwa marufuku. Mwaka 1996 shirikisho la baiskeli la dunia likatoa waraka, Mkataba wa Lugano, kusema mwanadamu atangulie mbele ya mashine. Filamu inawachora maofisa hao kama mazimwi ya katuni, Steven Berkoff akikunja uso. Naona ni kuwaonea na pia kuwapunguzia kosa. Zimwi linakuchukia tu. Hawa walishindwa kufikiria kwamba mashine inaweza kuwa ndiyo mwanadamu mwenyewe, saa zake za usiku, hesabu zake, mikono yake. Na samahani, hata filamu imeshindwa kulifikiria hilo, kwa namna yake ya upole.

Pale inapofaulu, inafaulu kweli. Inaanza msituni, Obree ana kamba, na kila kinachofuata tunakiangalia tukijua tunaelekea huko. Obree mwenyewe amesema hadharani kwamba amejaribu kujiua, na filamu haigeuzi jambo hilo kuwa siri ya kufichuliwa mwishoni. Miller anamwigiza mtu anayetabasamu sekunde moja kuchelewa. Laura Fraser, kama mke wake, ana tukio ambapo anaangalia mlango uliofungwa tu, na unajua ameuangalia mara nyingi. Brian Cox ni mchungaji anayemfungulia karakana yake bila maswali mengi. Pale karakanani, katika zile sekunde kabla muziki haujapanda, uso wa Miller unatulia. Ni mahali pekee katika filamu nzima ambapo mtu huyu hakimbizwi. Mackinnon alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta, akapita.

Ningependa dakika kumi za hapo. Mtu anapima, anakata, anakosea, anapima tena, hakuna anayeongea. Najua hakuna mtayarishaji angezilipia. Lakini filamu hii imepoteza dakika nyingi zaidi kwa wale vijana waliomwonea shuleni.

Yule rafiki yangu mmoja darasani aliyesoma rasimu ya makala hii alisema namlaumu mwongozaji kwa dhambi zangu. Inawezekana pia.

Baba mdogo hakuimaliza filamu. Bando lilikatika Obree akiwa bado hajafika Norway. Kesho yake alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, nusu yake kelele za nyundo. Alikuwa amefikiria ile ekseli. Alisema ukiifupisha hivyo, cheni haitanyooka tena na giya ya nyuma, kwa hiyo huyo bwana lazima aliihamisha na ya nyuma pia, au alipinda mahali. Aliniomba nitafute picha iliyopigwa kwa nyuma, iwe karibu, ionekane cheni. Za kwenye filamu hazifai, zote zimepigwa kwa mbele.

Bado natafuta.