Usawiri wa Polisi Katuni: Uhakiki wa Jingjing na Chacha wa Shenzhen

Mnamo Januari 2006 polisi wa jiji la Shenzhen, kusini mwa China, waliingiza katika intaneti wahusika wawili wa katuni, Jingjing wa kiume na Chacha wa kike. Walionekana katika kurasa za tovuti za jiji hilo, na msomaji aliyebofya picha zao aliweza kuwasiliana na polisi wa mtandao. Kifani, usawiri wao unavutia: macho makubwa, nyuso za kitoto, sare nadhifu. Uhakiki huu unadai kwamba uzuri huo wa fani unakinzana na dhamira, na kwamba mkinzano huo unamzuia mhusika wa aina hii kujenga imani ya umma.

Hoja ianzie kwenye majina. Neno la Kichina jingcha, yaani polisi, limegawanywa: silabi ya kwanza imerudufiwa ikawa jina la kijana, ya pili ikawa jina la binti. Hii ni mbinu ya majazi, ila majazi yaliyopitiliza. Kwa kawaida jina la majazi hubeba tabia. Haya yanabeba taasisi. Haijulikani kama Jingjing ana huruma au hasira, amewahi kukosea lini, au amemwomba nani radhi. Ni wahusika bapa, na ubapa huo si udhaifu wa mchoraji, bali ndio kazi waliyotumwa. Maofisa wenyewe hawakuficha kwamba lengo lilikuwa kuwakumbusha watumiaji kuwa wanaangaliwa.

Hapa Kiswahili kinamfaa mhakiki, kwa kuwa kinatenganisha imani na kicho. Anayeacha kuandika tusi, au lalamiko, baada ya kuyaona macho ya Chacha hajamwamini. Amemwogopa tu, hata kama ametabasamu. Utulivu wa mtandaoni hauwezi kutofautisha hali hizo mbili. Beijing nayo, Septemba 2007, iliwatuma polisi wake wa katuni wapite kwenye skrini kila nusu saa, kwa miguu, pikipiki au gari. Hiyo ni doria, na doria huonwa, haisemezwi.

Pipo-kun, nembo hai ya polisi wa Tokyo tangu 1987, amesawiriwa kwa msisitizo mwingine: masikio yake makubwa huelezwa kuwa ni ya kusikiliza sauti za wananchi. Dhamira imehama kutoka kwenye jicho hadi kwenye sikio, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, sikio lililochorwa halisikii. Kwa haki, Shenzhen iliweka nyuma ya picha askari wa kujibu. Kwa hiyo mhusika huyu hapimwi kwa sura yake pekee, bali pia kwa kinachofuata baada ya kubofya: iwapo raia anaweza kupeleka hapo malalamiko dhidi ya askari huyohuyo, na nani atayasoma.