Nguvu ya Msokoto

Mwaka 1870, Alphonse Pénaud, kijana wa Paris mwenye umri wa miaka 20 hivi, aliusokota utepe wa mpira na kuufanya injini ya helikopta ndogo. Hakuwa wa kwanza kurusha kidude cha namna hiyo. Wafaransa Launoy na Bienvenu walionyesha chao mwaka 1784, kikiwa na manyoya ya ndege yaliyozungushwa na upinde, na Mwingereza George Cayley akatengeneza cha mtindo huo mwaka 1796. Lakini upinde humaliza kazi yake kwa pigo moja. Mpira hutoa nguvu yake kidogo kidogo, na hapo ndipo ulipozaliwa ufundi ninaouvulia kofia: kukirekebisha chombo kisicho na rubani mpaka kipae wima, kielee, kisha kishuke kwa adabu.

Umbo lake halina makuu. Chukua kijiti chepesi cha balsa. Mwisho wake wa chini umegundishwa pangaboi lenye mapanga mawili. Mwisho wa juu una pangaboi la pili, ambalo halikugundishwa bali linazunguka kwenye waya, na ushanga mmoja umewekwa hapo kupunguza msuguano. Kati ya kulabu ya juu na ya chini umepita mpira. Ukianza kufunguka, hulizungusha pangaboi la juu kulia, na kijiti pamoja na pangaboi la chini vikazunguka kushoto. Nguvu ya msokoto inayofika juu ni ileile inayofika chini, kwa hiyo mkia kama wa helikopta kubwa hauna kazi hapa.

Kila kitu kinazunguka, basi, na ndiyo sababu kuirekebisha helikopta hii ni kazi ya aina yake. Bawa la ndege ya kawaida likipinda, ndege hukata kona upande mmoja, na kosa unaliona waziwazi. Kwenye helikopta, kosa nalo linazunguka. Panga lililopinda linavuta kaskazini, kisha mashariki, kisha kusini, na unachokiona wewe ni mtetemo tu. Fundi mwenye jicho huusoma mtetemo wenyewe. Ukiwa wa haraka, ugonjwa uko kwenye pangaboi lenye kasi zaidi. Ukiwa wa polepole, kama mtu anayesinzia kwenye basi, atatazama lile lenye mwendo mdogo. Likiwa ni lile la chini, hatasahau kukagua tundu la waya kule juu, kwa sababu tundu hilo huzunguka pamoja na kijiti. Likiwa limekaa pembeni kidogo, linayumbisha chombo kwa mwendo uleule wa kijiti. Na chombo kikienda upande mmoja moja kwa moja bila kutetemeka? Mara nyingi mapanga hayana hatia. Ni upepo wa dirishani, au mkono wa aliyekirusha.

Tiba yake inafanyika mezani. Fundi husimamisha penseli, akakishika kijiti kwa ulalo, akalizungusha pangaboi kwa ncha ya kidole huku akitazama. Panga la kwanza likigusa penseli na la pili likapita bila kuigusa, ncha hazifuati njia moja. Hapo huipulizia balsa pumzi ya moto ya kinywa chake, akaipinda kidogo mno, akaishikilia mpaka ipoe. Kisha huliacha pangaboi lizunguke lenyewe hadi lisimame. Panga linaloishia chini kila mara ndilo zito. Litapitishwa msasa mara mbili tatu kwenye ncha. Mwinamo wa mapanga hupimwa kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa pembe maalumu, maana jicho hudanganya. Jambo moja hubadilishwa, chombo kikarushwa, kikatazamwa. Anayebadilisha matatu kwa mpigo hatajua ni lipi lililokiponya.

Mpira nao una tabia zake. Hupakwa mafuta ya silikoni ili nyuzi zisikatane, hunyooshwa mara kadhaa kabla ya safari ya kwanza, kisha huvutwa hadi mara nne au tano ya urefu wake na kuzungushwa kwa keekee ya mkono, msokotaji akisogea mbele taratibu kadiri mafundo yanavyojaa. Ukiongeza unene wake maradufu, nguvu ya msokoto inakaribia kuwa mara tatu, lakini mizunguko unayoweza kuujaza inapungua kwa zaidi ya robo. Na nguvu hiyo haitoki kwa usawa: mwanzoni huruka kama hasira, katikati hutulia kwa muda mrefu, mwishoni huporomoka. Chombo kimoja, basi, kinalazimika kuruka safari tatu tofauti kwa marekebisho yaleyale. Wanaorusha ndani ya kumbi huujaza mpira karibu na kukatika, halafu wakarudisha mizunguko kadhaa, ili ile hasira ya mwanzo isikipigize chombo darini. Wengine huchomeka kijiti chembamba juu kabisa ili kiguse dari kabla ya mapanga.

Mwaka 1878 Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe kidude cha mtindo wa Pénaud, cha koki, mianzi na karatasi. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Wakakiita popo, wakaanza kutengeneza vyao, kila kimoja kikubwa kuliko cha kabla yake, na kadiri vilivyokua ndivyo vilivyokataa kuruka. Walikuja kueleza baadaye kwamba hawakujua kuwa chombo chenye vipimo maradufu kinadai nguvu mara nane. Naona walipata bahati kukutana na sheria hiyo utotoni, kwa gharama ya karatasi na mpira tu.

Kuna ushauri mmoja maarufu ambao ningeomba uachwe: kuning'iniza uzito chini ili helikopta isipinduke. Chombo kikiinama, nguvu ya mapanga inainama pamoja nacho, na uzito ule haukirudishi wima. Wala usitegemee uthabiti wa kitu kinachozunguka, kwa kuwa mapangaboi yanakwenda pande zinazopingana na kwa sehemu kubwa yanafutana. Kinachosaidia zaidi ni wepesi, mapanga yanayolingana, waya ulionyooka na umbali wa kutosha kati ya pangaboi la juu na la chini.

Chombo kikitua, mjuzi hakimbilii saa. Hushika pangaboi la juu na kuuzungusha mpira mpaka ulegee kabisa, akihesabu mizunguko iliyobaki. Ikiwa mingi, mpira ni mwembamba mno kwa mapanga yale, au mwinamo umezidi. Ikiwa hakuna hata mmoja na chombo kilianguka kutoka juu, mpira uliisha mapema. Anahitaji mrefu zaidi. Anaandika hesabu hiyo daftarini, anachukua wembe, na kukata utepe mwingine.