Datsun 240Z: Shokapu Iliyofichwa Ndani ya Mguu

Ukinunua shokapu za gari nyingi za leo unaletewa kitu kizima: unafungua bolti, unatoa ya zamani, unapachika mpya, na kama kutu haijakusumbua, kabla ya chakula cha mchana umemaliza. Kwa Datsun 240Z mambo hayaendi hivyo. Boksi likifunguliwa unakuta vyuma vinne vyembamba visivyo na tundu la bolti wala sahani ya kukalia springi, na mwenye gari asiyeijua Z huanza kumtazama muuzaji kwa jicho baya. Muuzaji hana kosa. Hizo ni katriji, na mahali pake ni ndani ya bomba la chuma ambalo kiwanda kililiunganisha moja kwa moja na kishikio cha habu. Bomba ndilo mguu wa gari. Halitupwi, hufunguliwa mdomo, likatolewa matumbo yake na kuwekwa mengine. Kazi ninayoichambua hapa, kwenye gari la 1972 lililoko Nairobi, iliamuliwa zaidi na mambo yanayoizunguka katriji kuliko katriji yenyewe.

Gari hili halihitaji utambulisho mrefu Afrika Mashariki. Nissan iliizindua Z mwishoni mwa 1969, na 240Z ikaja na injini ya silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393 za ujazo, kwenye bodi yenye uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, katika mwaka ambao adhabu zao zililingana na za Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, 180B, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Gari za mbio zilitayarishwa kwa namna yake. Zilizobaki mikononi mwa watu wa kawaida nyingi zilitoka kiwandani na miguu ya kawaida, na mafuta yaliyomo humo yamezeeka pamoja na wenyewe.

Kwanza tuondoe dhana moja inayowagharimu watu fedha. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Gari likiwa limelala upande mmoja, au nyuma imeinama, shokapu mpya hazitaliinua, isipokuwa zile za gesi ambazo huliinua kidogo sana kwa shinikizo lake. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyezwa. Ndani yake pistoni yenye vitundu na vali hupita kwenye mafuta. Mafuta yanakataa kupita haraka, na ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukisimama baada ya mwendo mrefu kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, mguu wa gari haushikiki kwa mkono mtupu. Mafuta yakipata moto sana huwa mepesi, yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva wa barabara hizo anajua saa ile gari linapoanza kuelea na usukani kupoteza habari.

Kwa Z kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloifanya shokapu iliyokufa kuwa hatari zaidi kwake kuliko kwa gari lenye mikono miwili ya kushika gurudumu. Mbele inatumia mfumo wa Earle MacPherson. Nyuma inatumia mpangilio wa jamii hiyohiyo ambao Colin Chapman wa Lotus aliuhamishia magurudumu ya nyuma. Katika mifumo hii fimbo ya shokapu ni sehemu ya mifupa ya gari. Ndiyo inayolisimamisha gurudumu, na kila kona inasukumwa ubavu. Fimbo na bushi yake vikilika, gurudumu linapata nafasi ya kutikisika juu hata kama boljointi ni mpya kabisa. Dereva analalamika kuhusu usukani, fundi anabadilisha tairodi, na malalamiko yanabaki palepale.

Dalili kwenye gari hili zilikuwa wazi. Miguu miwili ya mbele ilikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta kuanzia mdomo wa bomba kwenda chini, na tairi za mbele zilikuwa zimeliwa kwa mabaka, mahali pamejaa, mahali pameisha. Kipimo cha kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linaruka mara ngapi siamini sana. Mkono wa mtu hubonyeza polepole, na shokapu iliyopoteza nusu ya uwezo wake inaweza kulifaulu zoezi hilo vizuri kabisa. Macho na tairi husema zaidi.

Ufunguaji wa mbele ulikwenda kwa utaratibu unaopaswa kuigwa. Gari liliwekwa kwenye stendi, jeki ikatolewa. Kalipa ya breki ilifunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isivute mpira wa breki. Chini, bolti mbili zinazokamata mkono wa usukani na sehemu ya chini ya mguu zilitolewa. Juu, ndani ya boneti, nati tatu. Katikati ya nati hizo tatu kuna ya nne, kubwa, iliyokaa kwenye kichwa cha fimbo. Msaidizi alikwisha kuielekezea spana.

"Kijana, hiyo usiiguse," fundi alimwambia bila kuinua kichwa. "Hiyo ndiyo imeshika springi."

Nati hiyo ikitolewa springi ikiwa haijabanwa, inafyatuka na kila kilicho juu yake. Mguu mzima ulitolewa kwanza, springi ikafungwa vibanio viwili vinavyotazamana, vikakazwa kwa zamu, kidogo upande huu kidogo upande ule, mpaka springi ikacheza huru kwenye sahani yake. Hapo ndipo nati ya katikati ilipofunguliwa.

Sasa tukabaki na bomba pekee na nati ya mduara inayofunika mdomo wake. Hapa ndipo kazi nyingi za Z hukwama. Nati hiyo imekaa miaka hamsini ikinywa maji na matope, na nyuzi zake ni nyembamba. Fundi aliisugua kwa brashi ya waya mpaka mstari kati ya nati na bomba ukaonekana, akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu akaiacha usiku mzima. Asubuhi alibana mguu kwenye jiliwa akishika sehemu nene ya chini, kwa sababu bomba likibanwa kwa nguvu ubavuni hupoteza umbo lake la duara na katriji haitaingia tena. Spana ya bomba ilikamata nati, msaidizi akaushika mguu usizunguke, na baada ya mkwaruzo mmoja mrefu ikaachia.

Kilichotoka ndani kilieleza kila kitu. Katika muundo wa asili, bomba lenyewe ndilo ghala la mafuta: ndani yake kuna silinda nyembamba, pistoni, fimbo, na vali chini kabisa. Mafuta yalitoka meusi na machache, yakinuka kama yameungua, na fimbo ilikuwa na mkwaruzo wa wima ambao ukiupitishia ukucha unakwama. Sili iliyopita juu ya mkwaruzo ule kwa miaka ilikuwa imekatika ukingo. Mafuta yakavuja nje, hewa ikaingia ndani, na pistoni ikawa inasafiri sehemu ya kwanza ya mwendo wake bila kukutana na upinzani wowote.

Mkwaruzo wa namna hiyo mara nyingi huletwa na fundi, si barabara. Wakati wa kufungua nati ya juu fimbo huzunguka, na mtu mwenye haraka huikamata kwa koleo. Kromu ikishatobolewa, sili imehukumiwa. Katriji mpya ina mahali pa kushikia kwenye ncha ya fimbo, na hakuna sababu ya chombo chochote cha chuma kugusa sehemu inayong'aa.

Mwenye gari alichagua katriji za gesi za KYB. Katriji za Koni zinazorekebishika zingempa uwezo wa kuongeza ukazo springi inapofunguka, na kwa gari la mbio ningezitetea, lakini kwa gari linalotoka Jumapili na kurudi kabla ya giza, KYB zinatosha. Alitaka pia springi fupi za kushusha gari. Fundi alikataa, nami niko upande wake. Ukiishusha Z kwa springi tu, fimbo inaanza safari ikiwa tayari imezama, na kila shimo linaigongesha kwenye mpira wa kuzuia. Dereva anadhani shokapu mpya ni ngumu, kumbe anaendesha juu ya kipande cha mpira. Gari huonekana zuri likiwa limeegeshwa, hilo sibishi.

Bomba lilisafishwa mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Kabla ya katriji kushuka, mafuta kidogo ya injini yalimwagwa ndani, na hatua hii wengi huiruka wakidhani ni mabaki ya muundo wa zamani. Katriji imejitosheleza, kweli, lakini joto lake linahitaji njia ya kutoka. Hewa iliyobaki kati yake na bomba ni kizuizi. Mafuta hulipeleka joto kwenye chuma cha nje ambako upepo unalichukua. Kipimo chake ni cha macho: katriji inashushwa, mafuta yanapanda kuizunguka, na yanatakiwa kuishia chini kidogo ya mdomo. Ukijaza mpaka juu, yakipata moto yatatanuka na kutokea kwenye nyuzi, na mwezi ujao mtu atakuambia shokapu mpya imevuja.

Kisha nati mpya iliyokuja na katriji. Inapokazwa inatakiwa ikutane na kichwa cha katriji kabla haijakutana na mdomo wa bomba, ibaki nafasi ndogo inayoonekana. Nafasi hiyo ikikosekana, nati imekaza bomba na katriji iko huru ndani, itagonga kila jiwe. Dawa yake ni kipande cha kuinulia chini ya katriji. Kwenye mguu wa kushoto nafasi ilionekana mara moja. Wa kulia haikuonekana. Fundi akafungua, akatoa katriji, na chini ya bomba akakuta pete ya chuma ya kuinulia haikuwekwa. Alipoiweka, mguu ukafanana na mwenzake.

Raba ya juu, beringi yake na mpira wa kuzuia vilibadilishwa vyote. Kuviacha vya zamani ili kuokoa pesa kidogo ni kujipangia kufungua springi mara ya pili.

Nyuma kuna mtego unaojulikana na kila aliyewahi kulala chini ya Z: pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini na kitako cha mguu, ikashikwa katikati na kipini cha kuifunga. Kutu huigandisha mpaka watu wanaikata kwa msumeno. Lakini kwa kazi ya katriji pini hiyo haina haja ya kutoka. Nati tatu za juu hufunguliwa ndani ya gari, kwenye minara iliyo nyuma ya viti. Shafti inaachanishwa na habu, mpira wa breki na kebo ya hendibreki vinatolewa, na mguu unainamishwa nje ukiwa bado umeshikwa chini. Kilichofuata kilikuwa kama mbele, nyongeza ikiwa ni kutoa hewa kwenye breki kwa kuwa mpira ulifunguliwa.

Bolti zote zinazopita kwenye bushi za mpira ziliachwa bila kukazwa mpaka gari likashuka chini, likasukumwa mbele na nyuma, likakaa kimo chake. Ukikaza mikono ikiwa inaning'inia, bushi inajifunga katika mkao huo, na gari likishushwa mpira unakuwa umejikunja siku zote. Huchanika mapema na kulifanya gari liwe gumu bila sababu. Baada ya hapo likaenda kwenye alaimenti, kupimwa magurudumu ya mbele yanavyotazamana.

Barabarani gari lilikuwa limebadilika. Pua haikuzama tena kwa breki, na kwenye matuta lilishuka mara moja likanyamaza. Ila mlio wa "kong" ulibaki upande wa kulia mbele, kila breki inapokanyagwa ghafla. Mwenye gari alishaanza kuitilia shaka katriji. Fundi alimwambia, "Mzee, rudi hapa," akaingia chini na mtaimbo, akausukuma ule mkono mwembamba unaotoka kwenye mkono wa chini kwenda nyuma kwenye fremu, nao ukacheza. Bushi zake mbili zilikuwa zimekwisha, na huenda zilikuwa zikigonga muda wote shokapu mbovu zilipokuwa zikipiga kelele kuliko zenyewe. Zikaagizwa, za pande zote mbili.