Saa 510: Mgeni na Lugha Yake katika Mafunzo ya Kiingereza ya Serikali ya Australia

Mpango wa serikali ya Australia wa kuwafundisha Kiingereza wahamiaji waliokwisha kuwa watu wazima husifiwa sana na wataalamu wa ufundishaji lugha, na sifa hiyo ina msingi wake. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1948 na haujakatika tangu wakati huo, ilhali serikali nyingine zilizokuwa na uwezo huohuo ziliiacha kazi hiyo mikononi mwa makanisa na vyama vya hisani kwa miaka mingi. Makala haya hayakusudii kuibeza sifa hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro kubwa ya mpango wenyewe inatokana na dhana moja iliyokaa ndani yake tangu mwanzo, nayo ni kwamba mgeni huwasili akiwa hana lugha. Hakuna waziri wala mkuza mitaala aliyeitamka dhana hiyo waziwazi. Hata hivyo imo katika mbinu, imo katika vipimo, na imo katika namna huduma zilivyogawanywa baina ya ofisi na ofisi.

Ili kuielewa, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Sheria ya Kuzuia Uhamiaji ya mwaka 1901 ilimpa ofisa wa bandarini uwezo wa kumsomea mgeni kifungu cha maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, na mgeni akatakiwa kukiandika kama alivyokisikia. Aliyeichagua lugha ni ofisa. Mchina aliyejua Kiingereza barabara aliweza kusomewa Kijerumani. Na kama Kijerumani nacho alikijua, basi zilikuwapo lugha nyingine. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa mwaka 1934, wakati Egon Kisch, mwandishi wa habari kutoka Czechoslovakia na mpinzani wa Wanazi, alipotahiniwa kwa Kigaeli cha Uskoti, kwa kuwa alijua lugha nyingi mno za Ulaya kuweza kunaswa na mojawapo iliyozoeleka. Mahakama Kuu ilimwokoa kwa hoja kwamba Kigaeli cha Uskoti hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana iliyokusudiwa na sheria ile. Mwanaisimu ana haki ya kuicheka hukumu hiyo, ijapokuwa matokeo yake yalikuwa ya haki. Jaribio lenyewe lilifutwa mwaka 1958. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka 10 serikali ileile iliwafundisha lugha wageni iliowataka, huku ikiendelea kuishika mkononi lugha kama rungu la kuwafukuza wale isiowataka.

Waliotakiwa wakati huo walikuwa Wazungu. Idara ya Uhamiaji iliundwa mwaka 1945 chini ya Waziri Arthur Calwell, na mnamo Novemba 1947 meli iitwayo General Stuart Heintzelman ilitia nanga Fremantle ikiwa na watu zaidi ya 800 waliopoteza makazi yao katika vita, wengi wao kutoka nchi za Baltiki. Walipelekwa katika kambi ya Bonegilla, jimbo la Victoria, kambi ambayo hadi ilipofungwa mwaka 1971 ilikuwa imepokea watu zaidi ya 300,000. Masomo ya Kiingereza yalitolewa kambini, melini njiani, kwa posta na kwa redio. Waziri alisisitiza waitwe Waustralia Wapya, jina lililokusudiwa kufuta majina ya dharau yaliyokuwa yakitumiwa mitaani. Jina hilo lilifuta pia mengine yasiyokuwa ya dharau, kama vile Mlatvia na Mpolandi.

Wageni hao waliingia kwa mkataba wa kufanya kazi yoyote watakayopangiwa kwa muda wa miaka miwili. Katika daftari za serikali wanaume wengi waliandikwa vibarua na wanawake watumishi wa nyumbani, hata kama walikuwa madaktari na wahandisi, kwa sababu shahada zao hazikutambuliwa. Kuanzia mwaka 1949 maelfu walipelekwa katika ujenzi wa mabwawa na mitambo ya umeme ya Snowy Mountains, ambako wafanyakazi zaidi ya 100,000 kutoka nchi zaidi ya 30 walipita hadi kazi ilipokamilika mwaka 1974. Mtu wa namna hiyo alihitajiwa kujua Kiingereza cha kuitikia amri ya msimamizi na cha kusoma ilani ya hatari. Daktari aliyeshika sururu hakuhitajiwa kujua Kiingereza cha udaktari. Mtaala, kwa hiyo, ulikuwa umekwisha kuandikwa na soko la kazi kabla mwalimu hajaingia darasani.

Walimu wenyewe hawastahili lawama hiyo. Darasa moja la Bonegilla liliweza kuwa na wasemaji wa lugha nyingi tofauti, na hakuna mwalimu ambaye angezijua zote. Kufundisha kwa Kiingereza kitupu lilikuwa jambo la lazima. Kutokana na lazima hiyo ilizuka mbinu iliyokuja kuheshimiwa nje ya Australia, yaani mbinu ya hali halisi, ambayo George Pittman alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Sentensi mpya haikufafanuliwa wala kutafsiriwa; ilitendwa mbele ya macho ya wanafunzi mpaka maana yake ikajitokeza. Kitabu cha *Situational English*, kilichotolewa na ofisi ya elimu ya serikali ya shirikisho katika miaka ya 1960, kilieneza mbinu hiyo mbali. Ustadi wake haukanushiki. Tatizo ni kwamba jambo lililoanza kama lazima liligeuka kanuni. Lugha ya mwanafunzi, ambayo mwanzoni iliachwa kwa sababu mwalimu hakuijua, baadaye ilihesabiwa kuwa kizuizi kinachostahili kuachwa mlangoni. Aidha, ile iliyoitwa hali halisi ilichaguliwa na mwalimu. Mgeni aliyekuwa na hali zake mwenyewe, mathalan kugombania mshahara uliokatwa au kumweleza daktari ugonjwa wa mtoto, alisubiri mpaka kitabu kifike huko, kama kingefika.

Dhana hiyo ilitikiswa kutoka nje ya darasa. Mnamo Februari 1973 serikali ilifungua huduma ya ukalimani kwa simu katika miji ya Sydney na Melbourne. Leo jambo hilo laonekana dogo, lakini kwa upande wa nadharia lilikuwa pinduo. Kwa mara ya kwanza ofisi ya serikali ilikiri kwamba mtu asiyejua Kiingereza ana jambo la kusema sasa hivi, na kwamba wajibu wa kumwelewa si wake peke yake. Mwaka huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha Ford huko Broadmeadows, wengi wao wahamiaji, waligoma kwa majuma kadhaa. Waliokuwa wakidhaniwa hawana sauti walionyesha kwamba sauti wanayo. Mwaka 1975 zikafuata stesheni za redio za lugha mbalimbali, 2EA na 3EA, zilizoanzishwa kwa haja ya kawaida kabisa: serikali ilitaka kueleza bima mpya ya afya ikatambua kwamba raia wake wengi hawangeielewa kwa Kiingereza. Kisha mwaka 1978 ikatoka ripoti ya kamati ya mwanasheria Frank Galbally, iliyopendekeza vituo vya kuwasaidia wahamiaji, upanuzi wa masomo ya Kiingereza, na utangazaji wa lugha nyingi. Ripoti hiyo ilichapishwa katika Kiingereza na katika lugha nyingine kadhaa za wahamiaji. Tendo hilo la kuichapisha lilikuwa na uzito kuliko aya zake nyingi.

Katika mwaka huohuo mwanasosholojia Jean Martin alitoa kitabu chake *The Migrant Presence*, na ni jambo la kusikitisha kwamba walimu wa lugha hawakisomi kama inavyostahili. Martin alionyesha jinsi shule, hospitali na vyama vya wafanyakazi vilivyoishi na wahamiaji kwa miaka 20 na zaidi bila ya kuona kwamba kuwapo kwao kunavidai vyenyewe vibadilike. Na jinsi, vilipoona, vilivyomwona mhamiaji kama tatizo. Uhakiki huo unaugusa mpango wa Kiingereza moja kwa moja. Ukalimani ulikwenda kwenye jengo moja na ufundishaji ukabaki kwenye jengo lingine. Jengo la kwanza lilijua kwamba mgeni ana lugha; la pili liliendelea kufanya kazi kana kwamba hana. Sera ya Taifa ya Lugha ya mwaka 1987, iliyoandikwa na Joseph Lo Bianco, ilijaribu kuyaunganisha kwa kutamka kwamba Kiingereza ni cha wote na kwamba lugha nyingine, zikiwamo za wenyeji wa asili, zina haki ya kutunzwa na kufundishwa. Sera hiyo iliathiri shule kuliko madarasa ya watu wazima.

Kuhusu saa, habari yake ni hii. Sheria ya Elimu ya Wahamiaji ya mwaka 1971 iliupa mpango msingi wa kisheria. Na mapema katika miaka ya 1990 ilirekebishwa hivi kwamba kila mhamiaji mzima anayestahili alipata saa 510 za masomo, au masomo hadi afikie kiwango kilichoitwa Kiingereza cha kukidhi haja, lolote kati ya hayo litakalotangulia. Upande mmoja marekebisho hayo yalikuwa mema, kwani kilichokuwa hisani ya bajeti kiligeuka haki ya mtu. Huduma ya kulea watoto wadogo wakati mama zao wako darasani nayo ni mfano ambao nchi nyingi hazijauiga. Lakini saa ni kipimo cha mhasibu. Mholanzi mwenye shahada, ambaye lugha yake ni jirani wa Kiingereza, alihesabiwa saa zilezile alizohesabiwa mwanamke Mdinka ambaye hakuwahi kushika kalamu. Nyongeza ya saa kwa wakimbizi waliokosa shule ilipunguza dhuluma hiyo bila ya kukigusa kipimo chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ya kufundisha ilianza kutolewa kwa zabuni, na saa ikawa bidhaa yenye bei. Wengi waliacha masomo kabla ya kuzimaliza saa zao, ama kwa sababu ya kazi ama kwa kuchoka, na daftari likaandika kwamba hawakuzitumia, kana kwamba ni vocha.

Mwaka 2007 ulikuja mtihani wa uraia, unaofanywa kwa Kiingereza. Mwaka 2017 serikali ikataka kupandisha kiwango cha Kiingereza kwa waombaji uraia hadi karibu na kile kinachodaiwa na vyuo vikuu kadhaa, na mswada huo ukakwama katika Seneti. Wapinzani wake waliukumbuka mwaka 1901, na ulinganisho huo, ingawa una chumvi kidogo, haukutoka hewani. Hatimaye, mnamo Aprili 2021, kikomo cha saa 510 kiliondolewa na kiwango cha kuhitimu kikapandishwa hadi Kiingereza cha kazi na mafunzo ya ufundi. Mhasibu ameondoka mlangoni. Kilichosalia ni lugha ya mwanafunzi, ambayo mtaala bado hauna mahali maalumu pa kuiweka.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wataalamu wa Kiswahili. Miongoni mwa waliopelekwa Australia kama wakimbizi tangu miaka ya 2000 wamo Wakongo na Warundi waliotoka Kakuma, Nyarugusu na kambi nyingine za Kenya na Tanzania. Mrundi wa namna hiyo mara nyingi anajua Kirundi na Kiswahili, na pengine Kifaransa kidogo. Amekwisha kujifunza lugha ya ugenini mara moja, tena bila ya kuhesabiwa saa. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliona watoto wao wakisoma kwa Kiswahili katika shule za mtaala wa Tanzania, na Warundi wapatao 162,000 wa makazi hayo walikubaliwa uraia kuanzia mwaka 2010. Ulinganisho huu hauko sawa kwa kila hali, maana Kirundi na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja, na Kiingereza si jamaa wa yoyote kati yake. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba mwanafunzi anayeandikwa "asiye na lugha" huko Melbourne anaweza kuwa mjuzi wa kujifunza lugha kuliko mwalimu wake.

Ukalimani nao haujasalimika. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za huduma ya simu, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini jina hilo moja linafunika usemi wa Mombasa na usemi wa Lubumbashi kwa pamoja. Mkongo akisema *batoto*, mkalimani aliyelelewa Nairobi hatashindwa kuelewa. Akisema amekwenda *ku munganga*, ana maana ya daktari wa hospitali. Mkalimani asiyejua hivyo atasikia mganga, na muuguzi aliye upande wa pili wa simu ataandika katika cheti kwamba mgonjwa ametibiwa na mtu wa mizizi na hirizi. Dawa alizopewa na daktari hazitaulizwa majina. Akisema mtoto yuko *ku masomo*, ana maana ya shuleni, na hapo madhara ni madogo. Mahakamani au chumba cha wazazi madhara hayatakuwa madogo.

Isimu ya usemi huo wa Kongo imekwisha kuandikwa, nyingi yake kwa Kifaransa na Kiingereza, na wataalamu wa Afrika Mashariki wameutazama zaidi kama kosa la kusahihishwa kuliko kama lugha ya mtu mwenye homa. Msamiati wa hospitali, mahakama na shule kama unavyotumika Bukavu, Uvira na Lubumbashi haujawekwa mikononi mwa wakalimani kwa Kiswahili. Kuukusanya hakuhitaji mitambo wala fedha nyingi. Wasemaji wake wako Nairobi, Kakuma na Nyarugusu, na wengi wao wangali wakisubiri safari.